Nani Kakuleta?

Nilipoanza mwaka wa pili wa chuo, dahalia, bweni letu la chuo, ilikuwa imejaa. Nikawa nalala kwa rafiki yangu, kitanda kimoja, miguu yake usoni kwangu. Baba akanipigia simu kutoka Pemba. Ikifika Ijumaa sina chumba katika nyumba ya watu wa heshima, nipande boti nirudi, masomo yangoje mwakani. Mwakani ya baba naijua. Dada yangu naye aliambiwa mwakani, na kabla mwakani haijafika akaozwa. Mimi nikaapa kwamba sirudi.

Mji Mkongwe nilitoka mikono mitupu, maana kila chumba chenye dirisha kilikuwa kimetandikwa shuka nyeupe kwa ajili ya watalii. Nyumba mpya za Fumba zinapendeza, lakini si za mwanafunzi. Nikaishia mtaa wa Amani, na dalali mbele yangu, na huko nikakiona chumba changu. Kilikuwa kidogo, cha uani, na mlango wake wa kijani. Nikakipenda papo hapo.

Mwenye nyumba, bibi wa makamo, aliipokea shikamoo yangu vizuri. Kisha akauliza, "Nani kakuleta?"

Nikamwonyesha dalali.

"Huyu kakuonesha njia tu. Mie nakuuliza nani kakuleta."

Nilikuwa nimekosea, na kosa lenyewe nililijua tangu utotoni. Mtoto wa kike haendi peke yake kuomba chumba, huletwa na mtu anayejulikana mtaani, akasema huyu ni wetu. Dalali wangu alimjua kila mtu pale isipokuwa mimi.

Kesho yake nikarudi na kitambulisho cha chuo. Bibi akakitazama, akanipa maji ya ndimu, akanirudishia. "Picha imetoka vizuri," akasema. Nilitembea hadi barabarani nikisaga meno.

Alhamisi nikaenda mara ya tatu. Nyumba ya jirani ilikuwa na khitma, kisomo cha kumrehemu maiti, turubai limefungwa na uani wanawake tele na masufuria makubwa. Kwenye shughuli hakuna anayeulizwa kaletwa na nani. Nikavua viatu, nikajifunga kanga, nikakaa mkekani kumenya thomu, vitunguu saumu vya pilau. Sitajifanya mcha Mungu, sikukaa pale kwa ajili ya thawabu. Nilikaa kwa ajili ya mlango wa kijani.

Bakuli la tatu, mwenye shughuli akaja kukaa karibu yangu. Khitma ilikuwa ya mamake. Akanihadithia jinsi marehemu alivyokuwa akisukuma sahani ya pilau ikiwa thomu haijakolea. Akacheka, halafu akalia. Nami nikamkumbuka mama yangu, ambaye hakusema neno baba alipotoa amri yake, nikalia kuliko mfiwa. Chumba kilinitoka kabisa akilini.

"We mtoto wa nani? Wakaa wapi?" akaniuliza.

Nikamweleza yote, kamasi zikinitoka. Watu walipokwisha kula nikasugua masufuria pamoja na wenzangu, na baada ya alasiri yule mwenye shughuli akanishika mkono hadi mlango wa pili, kwa bibi.

"Hodi! Nnakuletea mtoto."

Bibi akatoka, akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Si yule yule wa juzi?"

"Ndo yule yule. Lakini leo kaletwa."

Jioni ile bibi alizungumza na baba kwa simu yangu, wakasalimiana kwa muda mrefu kama watu waliosoma chuo kimoja. Ijumaa nikahamia, vidole vingali vinanuka thomu.

Nilikaa mle mpaka nikamaliza masomo. Mwaka wa mwisho, siku moja nilikuwa uani nasoma, akasimama mlangoni msichana na begi lake, kafuatana na dalali yule yule. Chumba cha pili kilikuwa wazi.

"Nani kakuleta?" bibi akauliza.

Msichana akamgeukia dalali. Sikuwa nimewahi kumwona maishani mwangu.

Nikafunga kitabu. "Mimi," nikasema.