Kiti Alichokilia Ngoa Loretta

Loretta Kvasnicka alikuwa na wivu, na wala hakujisumbua kuuficha. Mimi nafundisha anatomia chuoni kwetu hapa Nebraska na meza zetu zimepakana, kwa hiyo wivu huo niliusikia asubuhi na jioni. Tunafundisha matabibu wasaidizi, wale wanaopima na kutibu wakisimamiwa na daktari. Loretta alijua kwamba mkurugenzi akistaafu, kiti ni chake. Kikaenda kwa Gwen Haugen, ambaye Loretta mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushona kidonda.

"Umeona kapaka rangi ofisi?" aliniambia. "Rangi ya maziwa yaliyoganda! Na wanafunzi wanamsifia."

"Imependeza lakini."

"Nenda kakae naye basi."

Gwen akituletea mikate ya mdalasini, Loretta alikula mitatu huku amenuna.

Mwaka ule ithibati yetu, yaani kibali cha kufundisha, ilikuwa inakaguliwa. Chuo kikiikosa, wanafunzi wake hawafanyi mtihani wa leseni, kwa hiyo sote tulikuwa roho juu. Zamani wakaguzi walikuja kwa ndege. Sasa wanatokea kwenye skrini, na inasemekana siku zijazo watatuchungulia mwaka mzima bila hodi. Ila desturi moja imebaki: walimu wanahojiwa peke yao, mkurugenzi akiwa nje.

Basi siku ya ukaguzi Gwen akatoka, akafunga mlango. Mkaguzi mmoja, mzee mwenye sauti ya upole, akauliza nani anawafuatilia wanafunzi wanaofeli.

"Mimi," akasema Loretta.

"Na mafunzo ya hospitalini?"

"Mimi pia."

"Mkurugenzi je?"

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Wapi!

"Mkurugenzi anapaka rangi kuta. Mzigo naubeba mimi, mzee wangu."

Nilimkasirikia, kwa sababu ulikuwa uongo. Gwen ndiye aliyezunguka hospitali zote kuwaombea wanafunzi nafasi. Nami nilikaa kimya, niliogopa ugomvi mbele ya wageni. Loretta alitoka pale uso umemchangamka.

Jioni wakatusomea waliyoyaona. Hapo hakuna kujibu, unasomewa, unanyamaza. Kanuni inataka mkurugenzi aongoze mafunzo yeye mwenyewe, wakasema, na walimu wenyewe wameeleza kwamba haongozi. Gwen, ambaye sasa alikuwa nasi, alimgeukia Loretta, akamtazama.

Tukawekwa chini ya uangalizi. Hatukunyang'anywa ithibati, lakini kila anayeomba kusoma kwetu sharti aambiwe kwamba inaning'inia. Mkuu wa kitivo akamwondoa Gwen na kumpa Loretta kiti. Gwen akapata kazi chuo kingine ng'ambo ya mto, Iowa, ambako ithibati haina doa.

Siku ya kuondoka alipita kuaga. "Hongera, mwalimu," alimwambia Loretta. "Ulikitaka sana."

Loretta akajifanya anapanga karatasi.

Jana nilimkuta Loretta kwenye kiti hicho, simu sikioni, akimweleza binti fulani habari za uangalizi. Kisha akaweka simu.

"Kashukuru, kasema basi ataomba kwingine. Tena kaniuliza kama nafahamu chuo kizuri," akasema.

"Ukamwambia nini?"

"Nimwambie nini? Kashajua. Anakwenda kwa Gwen." Akapiga meza kwa kiganja, macho yamemwiva. "Wote wanakwenda kwa Gwen!"