Jumapili za Baiskeli ya Marehemu

Nilikuwa na miaka thelathini na minne nilipoanza kupanda vilima kwa baiskeli kila Jumapili, na aliyenianzisha ni mama mmoja Mfaransa niliyekuwa nikimfulia na kumpigia nguo pasi.

Nilikuwa nimehamia mtaa wa Kawangware 46, Nairobi, hivi karibuni tu, nikitokea mtaa wa Lindi, Kibera. Kule Lindi tuliishi na mume wangu miaka sita katika chumba kimoja. Siku aliyoniambia kwamba kuna mwanamke mwingine anakuja kukaa nasi mle mle ndani, nilifunga sufuria na nguo zangu kwenye shuka nikatoka. Mtoto wetu alikuwa kwa mama yangu, kijijini Vihiga, anasoma. Kwa hiyo Kawangware nilifika peke yangu. Majirani wa ile ploti ya vyumba vya kupanga hawakuwa wabaya, tulisalimiana vizuri kwenye mfereji wa maji, lakini nikishafunga mlango sikuwa na wa kumwambia hata kwamba chai imekosa sukari.

Asubuhi nilitembea hadi Lavington kwa huyo Mfaransa. Nilimwita Madam. Mumewe alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, ghafla, akiwa mezani anasoma gazeti. Hawakuwa na watoto. Nyumba ilikuwa kubwa, na yeye alikuwa akiishi jikoni na chumbani tu, kama mpangaji.

Jumamosi moja nilikuwa napiga pasi, nikamwona anatoa baiskeli mbili gereji. Zilikuwa za gia nyingi, zenye mifuko ya turubai iliyofungwa nyuma kwa safari ndefu.

"Wewe unajua hii?" akaniuliza.

"Najua kidogo, Madam. Nilijifunza na ya baba."

Baba alikuwa na baiskeli kubwa nyeusi, na sisi watoto tuliiendesha kwa kupitisha mguu chini ya kile chuma cha katikati, mwili wote umening'inia upande mmoja. Nilianguka nayo mpaka nikaacha kuogopa kuanguka.

"Hii ya mzee wangu," akasema. "Kesho mimi nataka kwenda. Peke yangu naogopa. Wewe utakuja?"

"Kesho ni kanisa, Madam. Na letu linaisha saa nane."

"Ah. Pole," akasema, akaanza kuzirudisha, moja kwa mkono huu na nyingine kwa mkono ule, zikimgonga magoti. Nikaweka pasi chini.

"Nitakuja," nikasema.

Kesho yake nilivaa suruali ndani ya sketi. Alishusha kiti cha baiskeli ya marehemu mpaka mwisho, akanionyesha gia, tukatoka. Tulishika lami kidogo kuelekea Kabete, kisha tukaingia kwenye mashamba ya kahawa, na hapo magari yakaisha kabisa. Ilikuwa njia ya udongo mwekundu katikati ya mibuni iliyopangwa mistari, inashuka hadi mtoni, inavuka kidaraja cha mbao, halafu inapanda kilima cha pili, na nyuma ya hicho kuna kingine. Katikati ya kilima cha kwanza nilishuka nikasukuma. Yeye pia akashuka. Tukasukuma, tunahema tu.

Juu kabisa tulikaa kwenye nyasi, akatoa mkate na jibini. Akatazama ile mistari ya mibuni inavyofuata mteremko.

"Kwetu hivi hivi," akasema. "Lakini kwetu zabibu. Kila mwaka mimi na mzee, siku kumi, baiskeli tu. Njia ya katikati ya zabibu, gari hakuna. Kilima, kijiji, tunakula, tunalala. Kesho tena kilima."

"Hamkuchoka?"

"Sana. Yeye alikuwa anaimba kwenye kilima. Vibaya. Mimi nilikuwa nakasirika."

Hapo Kiswahili chake kikaisha, na Kiingereza changu hakikuwa na msaada mkubwa. Tulikaa tukitazama kahawa, yeye na mawazo yake, mimi na yangu. Nilimfikiria mtoto wangu, kwamba saa hiyo ametoka kanisani na bibi yake.

Tulienda hivyo karibu miaka miwili. Nilijifunza kuingia mlimani kwa gia nyepesi, bila haraka, bila kutazama kileleni. Nilijua mahali ambapo maji ya kiwanda cha kahawa yananuka, na nilijua wiki ile ambayo mibuni inatoa maua meupe baada ya mvua na shamba zima linanukia. Wakati wa kushuka sikuwa mke aliyetoka kwa mumewe wala mfua nguo wa mtu. Nilikuwa upepo masikioni na vidole kwenye breki.

Kawangware wakaanza kusema. Mama watatu wa kanisa walikuja chumbani kwangu jioni moja, wakakaa kitandani, nikawapa chai.

"Dada, tumekukosa," mkubwa wao akasema. "Tunasikia Jumapili unashinda kwa baiskeli na mzungu. Ni kazi?"

"Sio kazi."

"Anakulipa?"

"Hapana."

"Sasa ni nini?"

Ningewaambia nini? Kwamba kuna mteremko fulani ambapo nasahau? Walimaliza chai, wakaniombea, wakaenda. Baada ya hapo waliponikuta dukani walinisalimia kama mtu anayeumwa.

Halafu Madam akaamua kurudi kwao. Watu wa kufunga mizigo walikuja na masanduku, na kwa siku nne nyumba ikawa tupu. Siku ya mwisho alinikabidhi baiskeli ya marehemu langoni.

"Sasa yako," akasema. "Usiache."

Tulishikana mikono, kisha akanikumbatia ghafla, akaingia kwenye teksi. Hakuniandikia karatasi yoyote, wala mimi sikufikiria kuomba.

Jumapili iliyofuata nilibaki ndani. Ya pili pia. Ya tatu nilitoa baiskeli, lakini badala ya kwenda vilimani nikajikuta nimeshika njia ya Kibera. Nilitaka mume wangu anione. Hakukuwa na sababu nyingine, na sioni haya kuisema sasa. Niliisukuma kwenye vichochoro vya Lindi mpaka mlango wetu wa zamani. Akatokea mwanamke ambaye simjui, anakausha mikono kwenye leso.

"Unatafuta nani, mama?"

Nilimtajia mume wangu na kazi yake ya ufundi.

"Huyo fundi? Alihama kitambo. Wanasema alienda Mombasa, ama ni Nakuru." Akaitazama baiskeli. "Hii ni poa. Unauza?"

"Siuzi," nikasema, nikageuka.

Tangu siku hiyo nilirudi kwenye kahawa, peke yangu. Kilima kisicho na mwenzako ni kirefu zaidi. Nilikuwa sijui hilo. Nikifika juu, nilikula mkate wangu nimesimama.

Mwezi wa tatu wa kwenda hivyo, pale kidarajani, askari wa shamba akanisimamisha. Alikuwa mpya, na koti lake bado lilikuwa na mikunjo ya dukani.

"Hiyo baiskeli umetoa wapi?"

"Nilipewa."

"Na nani?"

"Mzungu niliyemfanyia kazi."

"Yuko wapi?"

"Amerudi kwao."

Akacheka. "Wote huwa wamerudi kwao. Risiti?"

"Sina."

"Kuna mtu anakujua hapa Nairobi, anaweza kusema ni yako?"

Kanisani wangesema nini? Majirani walijua tu kwamba ninayo. Mwajiri wangu mpya nilikuwa naye wiki ya pili. Nilisimama nimeshika usukani, na kwa mara ya kwanza tangu nitoke Lindi nikalia mbele ya mtu. Nililia vibaya, kwa sauti.

"Sasa unalia nini? Weka hiyo kitu kando, twende ofisini," akasema, lakini hakuonekana na raha.

Wanawake wanne walikuwa wanapanda kutoka mtoni na mizigo ya kuni za mibuni iliyopogolewa. Huwa nawapita kila Jumapili. Nilikuwa nawapungia mkono, wananipungia, basi. Mmoja, mtu mzima mwenye kitambaa cha kijani, akasimama na mzigo wake mgongoni, akamsemesha yule askari kwa Kikuyu, kwa ukali. Wengine wakaongezea. Askari akajibu neno, wakampa kumi.

Kisha yule mama akanigeukia kwa Kiswahili. "Mwenzako alienda wapi? Yule mama mzungu wa nywele nyeupe?"

"Amerudi kwao, mama."

"Tulidhani amekufa. Tulikuona unapita peke yako, tukasema maskini, amebaki mmoja." Akarekebisha kamba ya mzigo iliyopita kichwani. "Nimemwambia huyu hiyo baiskeli tunaijua kabla yeye hajaandikwa kazi. Enda."

Askari akasogea pembeni. "Ungesema unajulikana," akanung'unika.

"Sikujua," nikamjibu, na ilikuwa kweli.

Nilipanda kile kilima, nikashuka mara mbili kusukuma. Wale wanawake walikuwa nyuma yangu wanaongea, na sauti zao zilinifuata mpaka kwenye kona.

Barua ya Madam ilikuja mwaka uliofuata, kupitia jirani yake wa Lavington. Ilikuwa fupi, ya Kiingereza. Aliandika kwamba alirudi kwenye zile njia za mashamba ya zabibu, peke yake, mwezi wa tisa. Kwenye kilima cha kwanza alishuka, akasukuma kidogo, kisha akageuza akarudi hotelini, na baiskeli akampa mwenye hoteli. Akauliza kama mimi bado napanda. Nilimjibu kwamba napanda, na kwamba wanawake wa kuni wamemwulizia. Sikuwahi kupata jibu, na sijui kama barua ilimfika.