Bibi Alisema kwa Kishambaa, Baba Akaadhibiwa

Nina umri wa miaka kumi na sita, nasoma kidato cha tatu, na kuandika kwangu ni rahisi kuliko kusema. Naomba mlifiche jina langu, maana huku milimani tunajuana.

Kiwanda cha chai kilipopata mmiliki mpya, baba alipunguzwa kazi. Akampiga msimamizi, akafungwa. Tangu hapo baba mdogo, yaani mdogo wake baba, ndiye anayenisomesha.

Gerezani mgeni anaruhusiwa kusema Kiswahili tu, ili askari aelewe. Bibi, mama yake baba, Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu, kwa hiyo siku zote yeye huninong'oneza nami natafsiri. Mwezi uliopita hakunisubiri. Alisogea kwenye wavu akamwambia baba kwa Kishambaa kwamba mama ana mimba, na mimba ni ya baba mdogo. Nadhani alinihurumia. Hakutaka maneno hayo yatoke kinywani mwangu mbele ya baba yangu.

Askari, ambaye si mtu wa huku, akadai kwamba wanapanga baba atoroke.

Baba akashtakiwa humo humo ndani, nami nikaitwa shahidi. Nilimkuta amechuchumaa sakafuni, peku, mkuu wa gereza yuko mezani anakunywa chai. Nikatoa shikamoo. Aliyeitikia ni baba peke yake.

Mkuu aliniuliza Bibi alisema nini. Kabla sijajibu, baba akasema, "Afande, huyu Kishambaa hakijui. Amekulia kwenye vitabu."

Askari, ambaye kila mara ananiona nikimtafsiria Bibi, akacheka. "Na wewe hukijui? Au mama yako alikuwa anakuimbia?"

"Yalikuwa mambo ya nyumbani, afande."

"Nyumbani kwako ni hapa," mkuu akasema.

Akamhukumu selo ya peke yake, chakula kipunguzwe, na ule msamaha wa theluthi ya kifungo, anaopewa mfungwa mwenye nidhamu, ufutwe. Walipokuwa wanamtoa, baba alinitazama akatikisa kichwa. Kisha mkuu akaniambia kwa upole, kama mwalimu, kwamba nikirudi kueleza ukweli atamrudishia msamaha wake. Ila nitaeleza kwenye gwaride la asubuhi, wafungwa wote wasikie.

Nikisema, gereza zima litamcheka baba mpaka siku ya kutoka, na sidhani kama baba mdogo ataendelea kunisomesha. Nikinyamaza, baba atachelewa kutoka na Bibi hatamwona tena mwanawe, kwa sababu sasa Bibi hata kuinuka kitandani hawezi.

Jana tulikuwa tunamenya viazi, mama akaniuliza, "Hivi baba yako amekosa nini huko?" Nikamjibu sijui. Akashika tumbo lake, akaniambia nisiache kumwombea.

Wakubwa zangu mnaosoma ukurasa huu, shikamooni. Sina mwingine wa kumuuliza. Niende gwarideni nikaseme, au nimtii baba nimwache humo? Nishaurini, nifanye nini?