Hema Lisilo la Dada Yangu

Nilimwambia dada yangu aondoe leso usoni. Hilo ndilo neno ambalo natamani ningelimeza.

Ilikuwa mapema mwaka 2008. Nyumba yake upande wa Njoro ilikuwa imechomwa katika ghasia za baada ya uchaguzi, naye alikuwa amekuja kwangu Bahati, akilala chumba cha mbele kwenye godoro zuri kuliko langu. Hakulala hemani hata siku moja. Mchana alishuka Nakuru, kwenye kambi ya waliofukuzwa makwao, kuwasaidia majirani zake wa zamani kupika uji, nami nikimpelekea kuni kwa pikapu.

Huko ndiko tulikokutana na vijana waliokuwa na ukurasa wao kwenye mtandao. Walisema hawagawi chakula. Kazi yao ni kuwafanya watu wafahamu. Msichana mwenye kamera akapendezwa na uso wa dada yangu.

"Mathe, kaa hapo kwa mlango wa hema. Na hiyo leso, toa kidogo watu waone macho."

"Hema si langu," dada akasema. "Mimi nakaa kwa ndugu yangu."

"Ni picha tu, mathe. Ya kuhamasisha."

Dada akanigeukia. Kwetu, mjane hambishii kaka yake mkubwa mbele ya wageni. Nilijua hivyo, na nilifurahia kuonekana mzee anayeelewa mambo ya kompyuta.

"Toa tu," nikamwambia. "Itasaidia."

Mwanawe wa pekee alikuwa akisoma India. Nyumba ilipochomwa, dada alimficha habari hiyo. Kila alipopiga simu alimwambia ng'ombe ni wazima, asije akaacha masomo. Hatimaye alimweleza ukweli, akaongeza kwamba yuko kwangu, salama. Kisha kijana akafungua kompyuta ya chuo, akamwona mama yake mlangoni pa hema, na chini ya picha wameandika kwamba hana mtu.

Hana mtu!

Akanipigia. "Mjomba, una vyumba vinne."

"Ilikuwa picha tu. Muulize mama yako."

"Nimemuuliza. Anasema analala kwako. Pia alisema ng'ombe ni wazima."

Nilimtafuta yule msichana aiondoe picha.

"Mzee, imeshasambaa, hata wengine wameichukua. Lakini si unaona vile watu wameguswa?"

Akanionyesha pole chungu nzima kutoka nchi za mbali. Nikamuuliza ni nani kati yao aliyeleta hata gorogoro moja ya unga. Akasema hiyo si shughuli yao. Shughuli yao ilikuwa nini basi? Moshi tuliuona sote kutoka Bahati. Nani alikuwa hajafahamu? Walisifiwa kwa uso wa dada yangu, wakachoka, wakahamia jambo jingine. Ukurasa wenyewe haukumaliza mwaka. Na uso huo niliwapa mimi.

Kijana aliacha chuo, akarudi, akapata kazi ya kukata maua Naivasha, akapanga chumba na kuja kumchukua mama yake. Dada alikuwa amechoka kumweleza kwamba hakulala hemani. Akipanda gari aliniambia, "Ningekataa siku ile, ungeniita mkaidi mbele yao."

Ilikuwa kweli.

Hakurudi Bahati tena. Alifariki hukohuko Naivasha, na mwanawe hakunipigia. Nilisikia kwa watu, tayari amezikwa. Mpwa wangu hakumaliza masomo, nami sikumzika dada yangu.