Jua la Machi kwenye Shamba la Dada Tumaini

Niliondoka Njombe kwa sababu ya nyasi. Dada yangu Tumaini, anayeishi Birmingham, Uingereza, mwaka wa ishirini sasa, aliteleza kwenye barafu mwezi wa Januari akavunjika mguu, na kishamba anachokodi karibu na kwake kikaota pori. Kamati ya mashamba hayo ikamwandikia barua: mwisho wa Aprili watapita kukagua, na wakikuta hakijalimwa watampa mtu mwingine. Alinisomea barua kwa simu huku analia. Tangu shemeji afariki, kishamba hicho ndicho kinachomtoa ndani. Mimi ni bwana shamba mstaafu. Nikamwambia asilie, ninakuja.

Katikati ya Machi, saa kumi na moja jioni, basi la kutoka uwanja wa ndege lilinishusha kituo cha Digbeth. Neema, binti wa dada, alikuwa amenijia na koti zito. Nikalikataa. Nilimweleza kwamba Njombe kwetu mwezi wa sita umande huganda kwenye majani ya viazi, kwa hiyo baridi na mimi tunajuana. Tulipotoka nje upepo ulinipiga kifuani, nikaliomba lile koti bila kumtazama usoni. Alicheka mpaka tulipofika Hodge Hill, mtaa anaoishi dada.

Siku nne za mwanzo nililima tu. Mvua nyembamba haikukatika, nyuzi joto hazikuzidi saba, na mizizi ya zile nyasi ilikuwa imeshikana chini kwa chini hadi uma wa kulimia ukapinda. Jirani wa shamba, Mama Furaha, mama wa Bukavu, Kongo, aliyefika huku na watoto watano kama mkimbizi, alikuwa akinipitishia chai ya tangawizi kwenye chupa. Viganja vilitoka malengelenge. Nilijiapiza kwamba shamba hili halitachukuliwa nikiwa hai.

Siku ya tano jua likatoka, na simu ya Neema ikaonyesha nyuzi kumi na saba. Mtaa mzima ukabadilika. Kijana alikuwa anaosha gari kifua wazi, watoto walikuwa wanalamba aiskrimu, na wanawake wamekaa kwenye majani miguu mitupu. Miaka thelathini nimewafundisha wakulima kusoma dalili, nami nikaisoma hiyo: watu hawa wamezaliwa ndani ya baridi, wakivua nguo basi baridi imekwisha. Kwetu baridi ikishaondoka imeondoka, hairudi mpaka mwaka mwingine. Nikachukua mfuko wa mbegu za mahindi aliokuwa ameuweka dada, nikaanza kupanda.

Mama Furaha aliniona akaja hadi mpakani.

"Papa, usipande. Iyi jua iko nakudanganya. Ngoja mwezi ya tano."

Nilimjibu kwamba nilikuwa nafundisha kilimo cha mahindi yeye akiwa bado hajaolewa. Halikuwa jibu la mtu mwenye adabu. Akarudi kwake. Jioni Neema naye, ambaye Kiswahili anakielewa chote ila hujibu kwa lugha ya shuleni, aliniambia neno moja tu: "Uncle, it's only March." Nikamwambia mahindi hayasomi kalenda. Nikamaliza mistari sita.

Baada ya siku tatu niliamka nikakuta shamba jeupe kama limemwagiwa unga. Ikafuata mvua ya mawe, kisha theluji laini iliyoyeyuka kabla ya saa sita mchana. Mwisho wa Machi saa zikasogezwa mbele kwa saa moja, kama wafanyavyo kule kila mwaka, jua likawa linachelewa kuzama, nami nikajipa moyo kwamba mwanga mwingi utaleta joto. Haukuleta. Katikati ya Aprili nilifukua kwa kidole. Mbegu zilikuwa zimevimba, zimelainika, zinanuka. Nilifukua mistari yote sita. Nilikaa juu ya ndoo nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona kazini.

Nilimficha dada siku mbili. Nilipomwambia, hakunilaumu, ila aliuliza kwa sauti ndogo: "Sasa hao wakaguzi watakuta nini?" Nikamwahidi watakuta kijani. Niliazimia kununua mbegu nyingine na kupanda tena wiki hiyohiyo.

Jumamosi nilikwenda kwanza kumwomba radhi Mama Furaha, maana bila hivyo nisingeweza kumtazama. Alinipokea vizuri. Nilipomweleza mpango wangu, hakubishana nami, akaniambia nimsindikize kazini. Anahudumia wazee Sutton Coldfield, tukapanda treni. Kutoka stesheni tulitembea mitaa ya watu wenye uwezo, na kila tulipopita alinionyesha bustani ya mboga. Udongo ulikuwa umechambuliwa ukawa laini, mweusi, matuta yamenyooka, na juu yake hakuna kitu. Miche ilikuwa imefungiwa kwenye vibanda vya vioo.

"Unaona? Hawa si wavivu. Wanatayarisha, kisha wanangoja."

Nilirudi Hodge Hill bila mbegu za mahindi. Siku kumi zilizobaki nilichimba shamba lote upya, nikatoa kila mzizi, nikavunja kila bonge kwa mkono. Pembeni nilipanda viazi na vitunguu, ambavyo Mama Furaha aliniambia vinastahimili. Sehemu nyingine yote niliiacha wazi. Kulima hakukunishinda. Kilichonitesa ni kuuacha udongo mzuri kiasi kile bila mbegu, siku ikiwa na jua, na barua ya kamati ikiwa mezani.

Siku ya ukaguzi, saa nne asubuhi, walikuja mama mmoja mwenye makaratasi na mzee mmoja. Dada alikataa kukaa. Alisimama na magongo yake. Yule mama alitazama viazi, kisha akauliza sehemu kubwa imepandwa nini. Nilifungua mdomo nijitetee, dada akaniwahi. Akamjibu kwamba hapajapandwa kitu, kwa kuwa udongo bado una baridi. Mzee aliinama, akazamisha vidole, akatikisa kichwa kukubali. Mama akaweka alama kwenye karatasi, akampa dada mkono, wakaenda shamba linalofuata. Dada alinishika bega akalia, nami nikalia.

Wiki ya kwanza ya Mei nilipanda basi Digbeth kurudi, wiki ambayo Mama Furaha ndiyo kwanza alikuwa anatoa mbegu zake kabatini. Kwa hiyo sikuona hata jani moja la mahindi. Nimejifunza kwamba kule joto hubisha hodi mara nyingi kabla halijaingia, na kwamba hewa inaweza kuwa imepata moto wakati ardhi bado imelala. Nilikwenda kumwoteshea dada yangu mahindi. Nimemwachia udongo mtupu, nao ndio uliomwokolea shamba, na katika miaka yangu yote ya kazi hakuna mavuno ninayojivunia kuliko huo.