Mbwa Aliyemfunga Baba Mkwe Nyumbani

Baba mkwe wangu, mzee Aroni Ndyamukama wa hapa Kagoma, hajui kukaa. Akimaliza chai, kofia kichwani, ametoka. Msiba wa Buganguzi yumo, posa ya Muleba mjini yumo, na penye lubisi, pombe yetu ya ndizi, hasubiri kualikwa. Nyuma yake anafuata Profesa, mbwa wake mwekundu. Watu wakimwona mbwa mlangoni wanaongeza kiti. Mama mkwe, Kokwijuka, husema yeye aliolewa na mgongo, maana ndio anaouona zaidi.

Mwaka jana Profesa akaanza kukohoa. Kilima kidogo tu, anakaa chini ulimi nje. Baba mkwe akamnywesha omubilizi, ile dawa yetu chungu ya majani, Profesa akamtapikia viatuni. Jirani akasema mbwa karogwa. Mama mkwe akauliza ni mchawi gani huyo wa kuhangaika na mbwa wakati mwenye mbwa yupo.

Ikabidi aitwe Daktari Hellen wa mifugo kutoka Bukoba. Alisikiliza kifua, akatoa damu mguuni, akadondosha tone kwenye kipimo kama kile cha malaria cha zahanati. Mstari wa pili ukatokea. Akasema Profesa ana minyoo ndani ya moyo, mirefu kama tambi, na walioileta ni mbu. Baba mkwe akageuka kuitazama neti ninayolala ndani yake na mwanangu, ilikuwa kambani inakauka. Nikamtazama. Akaangalia pembeni.

Daktari akaacha vidonge, akasema peke yake havitoshi.

"Mzee, minyoo ikifa inakwenda kwenye mapafu. Akikimbia, mishipa itaziba, utamzika. Asitoke uani mpaka nimpime tena."

Baba mkwe akamfunga Profesa kwenye mti wa kahawa uani. Haukupita muda, rafiki yake Kagaruki akaja kumwita, lubisi imeiva. Mzee mzima akapita nyuma ya migomba akinyata kama mwizi wa kahawa. Profesa akanusa, akaikata kamba kwa meno, akatoka mbio.

Walirudi kabla ya mchana. Baba mkwe hana kofia, kambeba mbwa mabegani kama ndama, anahema kuliko mgonjwa. Fizi za Profesa zilikuwa nyeupe. Nilimlaza mtoto nikaleta maji. Mzee alipiga magoti, kiganja kifuani kwa mbwa, machozi yanamtoka bila sauti. Mama mkwe akampigia daktari. Kwenye simu daktari akasema alale tu, asiguswe.

Hakufa. Kagaruki aliporudi, alimkuta rafiki yake mkekani, kichwa cha mbwa pajani.

"Niache. Nikisimama, naye anasimama."

"Niwaambie watu umefungwa na mbwa?"

"Waambie."

Akakaa kweli, miezi. Alimenya ndizi vibaya, nusu inabaki kwenye ganda. Akagundua mjukuu wake ana meno. Akasahihisha upishi, ufagiaji, hata ninavyonyonyesha. Mama mkwe akawa anamwuliza Mungu kwa sauti kosa lake ni lipi.

Juzi Daktari Hellen amempima Profesa tena. Mstari mmoja. Akasema aendelee na kidonge cha kila mwezi, mbu hawajahama, ila sasa ruksa kutembea. Baba mkwe alikuwa anatafuta fimbo kabla sentensi haijaisha.

Tulimsindikiza daktari hadi njiani. Mama mkwe akatazama nyuma, akashusha sauti.

"Daktari, usingeweza kusema bado kidogo?"