Mwanamke Aliyeshika Kitasa cha Konokono

Mtasema nimetunga. Semeni tu. Mke wangu hayupo nyumbani, mkono wake wa kulia haukunji ngumi, na kijijini kwetu Michenga mimi ndiye yule mwanaume aliyempiga mkewe kwa mchi wa kutwangia. Anayetunga hadithi hujipamba, na hii yangu hainipambi hata kidogo. Kaa basi usikilize, mengine utaamua mwenyewe.

Kwanza unijue. Mimi ni mtu wa nyumbani. Napenda kitanda changu, kiti changu, kikombe changu. Hapa Ifakara wanaonialika harusini wanajua kwamba keki itakatwa nikiwa nimeshavua viatu kwangu. Sasa mtu wa namna hii kuzaliwa bonde la Kilombero ni mkosi, maana mpunga wetu haulimwi kwa kwenda na kurudi. Msimu ukifika unafunga nyumba ya mjini, unahamia shamba, unalala kwenye dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, na mnakaa huko mkifukuza ndege mchana na nguruwe pori usiku hadi mavuno. Mke wangu, Mama Neema, aliyapenda maisha hayo. Mimi kila mwaka wiki ya kuhama mgongo uliniuma, mpaka akawa ananiuliza mapema, "Baba Neema, mwaka huu mgongo umepangiwa siku gani?"

Ndipo nikasikia kuna gari-nyumba linauzwa Mlimba. Ni gari kuukuu la mgeni mmoja wa Ulaya, aliyelitelekeza hapo akarudi kwao, na jamaa aliyeachiwa kulitunza sasa alitaka kuliondoa uani. Ndani lina kitanda, jiko, sinki, jokofu dogo na feni. Nilipolala kwenye kile kitanda kulijaribu, nisiseme uongo, niliona mbingu. Nyumba ambayo naweza kuhama nayo bila kuhama! Nani mwingine duniani angenunua gari la kusafiria ili asisafiri? Lilikohoa njia nzima, likafika ukingoni mwa shamba letu la Michenga, likazima, na halikuwaka tena. Watu wakalibatiza Konokono.

Jokofu na feni vilitaka umeme. Jirani yetu ana mashine ya kukoboa mpunga, na mashine ina umeme, kwa hiyo tukavuta waya kutoka kwake juu ya nguzo za mianzi, ukavuka majaruba matatu ya mpunga. Kazi hiyo ilifanywa na Deo, mdogo wake Mama Neema, ambaye ni fundi wa kila kitu, kuanzia redio hadi mapaa. Plagi ya gari ilikuwa ya huko ilikotoka, haikuingia kwenye soketi ya mashine. Deo akaikata kwa meno, akachuna nyaya, akazishindilia kwenye soketi kwa vijiti vya kiberiti. Ukabaki waya mmoja wa kijani wenye mstari wa njano.

"Shemeji, huo je?" nikamuuliza.

"Huo ni wa wazungu," akasema. "Wao wana woga. Umeme wetu unatoshwa na nyaya mbili." Akaukata, akauviringisha, akautupa nyasini.

Na chini ya gari, nyaya za ndani zilikuwa zimetafunwa na panya, zimeungwa kwa nailoni. Tuliziona. Sote wawili tuliziona, na feni ilipozunguka tukashangilia.

Siku za mwanzo ardhi ilikuwa kavu. Ukigusa bodi ya Konokono ukiwa peku, kidole kinatekenywa. Tulifanya mchezo. Majirani walikuja kutekenywa wakacheka, na mimi nikawa nawatania kwamba gari limewapenda. Ukiwa ndani husikii kitu, na mimi nilikuwa ndani muda wote, si unanijua sasa? Aliyekuwa akiingia na kutoka ni Mama Neema. Naye, kama watu wote waliolelewa vizuri, haingii nyumba ya mtu na viatu, hata kama nyumba yenyewe ina magurudumu. Anavua ndala chini, anakanyaga udongo kwa nyayo, ndipo anashika kitasa. Kitasa cha chuma.

Kisha masika yakaja.

Wengine husimulia mizimu ya usiku wa manane. Wangu alikuja mchana, mvua imekatika, jua linachungulia, watu wanagonga makopo mashambani kufukuza ndege kwenye masuke machanga. Nafikiri hata huko waliko walijua mimi usiku siamki. Nilikuwa nimejilaza, feni inanipepea. Mama Neema alikuwa upande wa pili wa shamba akihangaika na ndege.

"Hodi."

"Karibu."

Kisha tena, "Hodi."

"Mlango uko wazi, karibu ndani."

Mlango ulikuwa nusu wazi. Nikainua kichwa nikaona mwanamke amesimama nje, mtu mzima, mkono wa kulia kwenye kitasa. Niamini, kilichonishtua kwanza ni kitenge chake. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi nzima, dunia yote ni tope, lakini kitenge chake kilikuwa na vumbi jekundu, vumbi la kiangazi. Na alikuwa anatetemeka kidogo kidogo, kama bati linavyofanya lori likipita barabarani.

"Karibu, mama, usikae kwenye tope."

"Siwezi, kaka. Nimeshikwa."

"Umeshikwa na nani?"

Akautazama mkono wake. "Na hiki."

"Si ukiachie."

"Mimi nilikigusa tu. Chenyewe ndicho kimenishika, tangu Mlimba."

Hapo mtu mwenye akili angepiga ishara ya msalaba. Mimi nikacheka. Nilidhani ni mgonjwa wa akili aliyepotea njia, na nikajiona mwema, nikaketi nikanyoosha mkono. "Njoo nikunasue."

"Usinishike," akasema, na sauti yake haikupanda. "Aliyenishika, naye alishikwa. Tafuta mti mkavu, upige mkono. Usiuonee huruma mfupa."

"Mama, mimi nina mke. Nikikushika ni kesi, nikikupiga ni kesi. Heri nikupe maji." Nikacheka tena, kwa sauti, maana utani wangu mwenyewe huwa unanifurahisha kuliko mtu yeyote.

Nikageuka kuchukua kikombe. Nilipogeuka tena, mlangoni hapakuwa na mtu. Uliza basi, angeondoka vipi kwenye tope lile bila hata kusikika hatua?

Sikupata muda wa kujiuliza, kwa sababu nje niliisikia sauti ninayoijua.

"Baba Neema, unacheka na mwanamke gani humo?"

Alikuwa ametoka jarubani, miguu imejaa tope hadi magotini. Nilimwona kupitia dirisha dogo akisimama ghafla, anatazama chini karibu na tairi.

"Na hizi ndala za nani?"

"Mama Neema, ngoja nikueleze..."

"Utanieleza nikishamwona." Akashika kitasa auvute mlango.

Sentensi iliyofuata haikutoka. Mdomo ulibaki wazi, macho yamenikazia, na akaanza kutetemeka kidogo kidogo, kama bati. Mkono ulikaza kwenye kitasa hadi mishipa ikasimama. Mimi nilishamfikia, vidole vyangu vimebaki umbali wa unene wa chapati tu kutoka begani kwake, nikakumbuka. Usinishike. Swichi ilikuwa kwa mwenye mashine, majaruba matatu kutoka hapo, na mashine inaunguruma, hata ningepiga kelele nani angesikia? Mchi wa kutwangia tulikuwa tunauweka ndani ya gari usilowe. Niliushika kwa mikono miwili nikampiga mke wangu mkononi. Mara ya kwanza haukuachia. Mara ya pili sikuuonea huruma mfupa. Niliusikia.

Alianguka kwenye tope, akavuta pumzi kwa kishindo kama aliyezamishwa. Alikuwa hai. Na waliokuja mbio kutoka mashamba ya jirani walikuta nini? Mwanamke chini, mkono umepinda, na mume juu yake ameshika mchi.

Hospitalini muuguzi alimuuliza, "Nani amekupiga, mama?" Akajibu, "Mume wangu." Lipi la kubisha hapo?

Kiganja chake kiliungua, mfupa ukaunga vibaya, mishipa nayo ikagoma. Hawezi kushika mundu, hawezi kusuka ukili wa mikeka. Nilipopata nafasi ya kukaa naye nilimweleza yote, vumbi la kitenge, maneno, kikombe cha maji. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanamke alikuwepo," akasema. "Nimesikia sauti yake. Nimeona ndala zake, nyekundu, ya kushoto imeshonwa kwa waya. Nakuuliza alikuwa nani, unaniletea mzimu. Baba Neema, hata kuongopa vizuri unashindwa."

Mimi ndala hizo sikuziona. Nilizitafuta kuzunguka gari lote. Lakini sikulala mpaka nilipofunga safari, mimi huyu, nikapanda treni kwenda Mlimba kwa aliyeniuzia. Nilipomuuliza kama kuna mtu aliwahi kudhurika na gari lile, alikuwa anakula muwa, akatema makapi kwanza.

"Ungelinunua kama ningekuambia?"

Mama yake ndiye aliyesema, tena kwa kunong'ona, tukiwa nyuma ya nyumba. Kulikuwa na dada aliyekuwa akimfulia na kumfanyia usafi yule mgeni. Siku moja ya kiangazi alikuwa analiosha gari, waya umechomekwa, ndoo ikamwagikia miguu. Alivua ndala ili aingie kufagia, akashika kitasa. Kaka yake akamvuta, naye akanaswa, ila yeye alitupwa pembeni akapona. Dada hakupona.

"Ndala zake," nikasema, "zilikuwa nyekundu?"

Yule mama akaniangalia vibaya. "Ya kushoto alikuwa ameishona kwa waya. Wewe umejuaje?"

Nilimpigia simu Mama Neema hapohapo. Nilidhani, jamani, nimepata shahidi, ndoa yangu imepona. Nikamweleza habari ya yule dada na ndala zake.

"Kwa hiyo alikuja kukuonya," akasema. "Na wewe ukacheka."

Hadi leo yuko kwao Mahenge, kwa kaka zake, na simu zangu hupokea, hunisalimia vizuri kama mtu anavyomsalimia mwalimu wa mtoto wake. Neema akifunga shule anakwenda huko. Mimi niko nyumbani kwangu nilikokuwa nakulilia, kiti changu, kikombe changu, na milango ya chuma naisukuma kwa kiwiko. Majirani wakipita wananitania kuhusu michi yao, "Tumeificha mbali, usihofu."

Mngetegemea Konokono amechomwa moto. Nami nilitegemea hivyo, ndivyo nilivyomwambia Deo afanye. Deo akampaka rangi, akamuuza. Nilikuja kumkuta Kiberege, kando ya barabara, rangi ya machungwa, ubavu umetobolewa dirisha, mtu anauza chipsi. Waya umetoka duka la jirani, umepita juu ya dimbwi, nyaya zimechomekwa kwa vijiti.

Nikamwambia kijana mwenye biashara kila kitu. Alinisikiliza huku anageuza viazi.

"Mzee, inatekenya tu," akasema. "Wateja wanafurahi."

"Mvua zikianza haitatekenya. Ita fundi wa kweli, mwambie aweke waya wa ardhi, ule wa kijani, atoe nyaya zote zilizoliwa na panya. Na usiruhusu mtu kuvua viatu hapo mlangoni."

"Sawa, mzee," akasema, ile sawa ya kumfukuza mtu. Kisha akacheka kidogo. "Labda nimwambie yule mama. Kuna mama mmoja huwa anakuja mchana, anashika pale mlangoni, anasimama. Hanunui kitu. Ukimkaribisha anasema ameshikwa."

Nilimuuliza kama ameoa. Akasema ndiyo, mke wake ndiye anayemletea viazi.

Nilimshika shati nikamwambia tena yote tangu mwanzo, mpaka watu wakaja kunitoa. Mwanaume wa mchi, mmoja wao akasema, kumbe sifa imenitangulia hadi Kiberege.

Basi nakuambia wewe, kwa kuwa wao hawataki. Gari kuukuu lenye kitanda ndani si nyumba, hata likikupepea. Likikutekenya kidole usicheke, huo si mchezo, ni hodi. Kata umeme huko unakotoka kabla hujagusa chochote, na usimwache mpenzi wako avue ndala kwenye ngazi ya chuma kwa ajili ya adabu. Ukipita Kiberege ukaliona la rangi ya machungwa, njaa yako ipeleke mbele. Na ukimkuta yule mwanamke mlangoni, vumbi kwenye kitenge, msikilize kwa makini. Usimtanie. Mke wako yuko karibu kuliko unavyodhani, na anatembea peku.